Mieleka ya wasichana ilipopata daftari lake: uchambuzi wa kisa cha sekondari moja ya Iowa

Kisa hiki kilitokea kati ya vuli ya 2018 na majira ya baridi ya 2023 katika shule ya sekondari ya umma mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani. Majina ya shule, mji, wanafunzi na wazazi nimeyaondoa, na mambo machache ya kifamilia nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Mimi nilikuwa mkalimani wa Kiswahili na kiungo kati ya shule na wazazi. Sikuwa kocha, kwa hiyo ya mkekani niliyaona nikiwa pembeni, ila ya jikoni kwa wazazi na ya vikaoni niliyaona kwa karibu kuliko nilivyotaka.

Mandhari

Iowa inapenda mieleka kama Kenya inavyopenda mbio. Dan Gable, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972 kisha akaifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Iowa hadi ikatwaa ubingwa wa vyuo mara 15, ana sanamu yake nje ya ukumbi wa chuo hicho. Mtoto wa kiume wa kijijini huko huanza kuburutana kwenye mkeka kabla hajajua kusoma vizuri.

Jambo la pili halijulikani sana nje ya jimbo. Michezo ya sekondari ya Iowa ina vyama viwili, cha wavulana na cha wasichana. Chama cha wasichana kilizaliwa mwaka 1925, shule kubwa zilipotaka kufuta mashindano ya kikapu ya wasichana na shule ndogo za mashambani zikagoma. Kikapu chao cha wachezaji sita kila upande kiliendelea kujaza kumbi hadi 1993. Hapo pana kejeli: jimbo lililoupa mchezo wa wasichana chama kamili karibu miaka mia iliyopita halikuwa na mieleka ya wasichana katika orodha yake. Hawaii na Texas walikuwa nayo rasmi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Msichana wa Iowa aliyetaka kupigana mieleka aliingia timu ya wavulana na jina lake likaandikwa kwa wavulana.

Sheria nayo ilikuwa na mwanya. Title IX ya 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Lakini kanuni zake zinaitaja mieleka miongoni mwa michezo ya kugusana miili, na katika michezo hiyo hazilazimishi shule kumpa msichana nafasi ya kujaribiwa kwenye timu ya wavulana. Shule yetu haikumfukuza msichana yeyote. Ilisema tu, "Mlango uko wazi." Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba kilichojaa wavulana arobaini.

Jamii yetu ni Wakongo wa Kivu, Warundi na Wanyarwanda, wengi waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika Cedar Rapids, Iowa City au Des Moines. Wazazi wanafanya kazi za zamu. Mtoto anapobaki shuleni baada ya kengele, swali la kwanza nyumbani ni nani atawaangalia wadogo zake.

Yaliyotokea

*Vuli 2018: kosa la neno moja*

Msichana wa kidato cha pili, nitamwita Binti, alileta fomu ya ruhusa. Nikampigia baba yake simu nikamtafsiria, "Binti anaomba kucheza mieleka ya shule." Akasema hapana, akakata simu. Sikuuliza sababu. Nilijijazia mwenyewe kwamba ni mambo ya mabinti na wavulana, nikaona simu ya pili haina haja.

Wiki mbili baadaye Binti alirudi na fomu yenye sahihi ya mama. Kanuni ya shule ilihitaji mzazi mmoja tu, nami nikanyamaza. Binti akaanza mazoezi mwezi wa Novemba.

Desemba mama naye alinijia juu. Binti alikuwa ametakiwa kutoa mkojo kwenye kikombe, na mama hakuambiwa ni wa nini. Aliamini shule inawapima wasichana mimba. Ukweli ni kwamba kila mwanamieleka wa sekondari, mvulana au msichana, hupimwa kabla ya msimu kama mwili una maji ya kutosha. Kisha hupimwa mafuta mwilini ili kukadiriwa uzani wa chini kabisa anaoruhusiwa kushindania. Msichana haruhusiwi kushuka chini ya asilimia 12 ya mafuta, na hakuna anayeruhusiwa kupunguza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzani wake kwa wiki. Ni kanuni nzuri, inazuia watoto kujinyima chakula na maji. Lakini ilikuwa ukurasa wa nne wa karatasi za Kiingereza, na mimi nilitafsiri ukurasa wa kwanza tu.

Baba aligundua yote kwa mkupuo mmoja.

*Januari 2019: kikao cha wazazi*

Walikuja wote wawili, baba akiwa na koti la kazini. Kocha mkuu alianza kueleza faida za michezo kwa matokeo ya darasani. Baba alimwacha amalize, akanigeukia mimi.

"Mama mkalimani, catch haiko muchezo ya mutoto. Bale batu banatumiaka dawa."

Hapo nikaelewa. Kongo kuna "catch", mieleka ya maonyesho ambayo Kinshasa imeipamba kwa ushirikina: wapiganaji wanaingia ulingoni na hirizi, wanarogana mbele ya umati, mtu anaanguka bila kuguswa. Niliposema "mieleka" kwenye simu, yeye alisikia hiyo. Nilimwambia, "Baba, hii ni *la lutte*, ile ya Olimpiki." Kocha akatoa simu yake akamwonyesha fainali ya Rio ya 2016, Helen Maroulis wa Marekani dhidi ya Saori Yoshida wa Japani, aliyekuwa na dhahabu tatu za Olimpiki kabla ya siku hiyo. Baba aliangalia hadi mwisho. Aliuliza swali moja: "Wanawake batupu?"

Tulipomjibu ndiyo, likabaki pingamizi la pili, nalo lilikuwa la kweli. Hakutaka binti yake apigane na wavulana, na kwa kweli si wazazi wetu peke yao waliokuwa na shida hiyo. Mwaka 2011 Cassy Herkelman na Megan Black walikuwa wasichana wa kwanza kufuzu mashindano ya jimbo ya wavulana. Cassy alipata ushindi wake wa kwanza bila kupigana, kwa sababu mpinzani wake, mvulana aliyekuwa na nafasi kubwa ya kufika mbali, alikataa kushindana na msichana kwa sababu za imani. Mvulana alipoteza nafasi ya ubingwa na msichana akanyimwa pambano.

Tulikubaliana hivi: Binti aendelee na mazoezi na msichana mwingine mmoja tuliyekuwa naye, ashindane na wasichana pekee, na mwanamke mtu mzima awe ndani ya basi kila safari. Mwanamke huyo nikawa mimi.

Bahati ilikuwa upande wetu. Mwezi uleule chama cha makocha na waamuzi wa mieleka wa Iowa, si chama rasmi cha wasichana, kiliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya jimbo ya wasichana pale Waverly. Walifika wasichana 87. Binti alilazwa chali kwenye pambano la kwanza kabla sijapata kiti. La pili alishinda kwa alama, akatoka mkekani akitafuta mtu wa kumkumbatia, akanikumbatia mimi na jasho lake lote.

*2019 hadi 2020: dodoso lililosema "hawapo"*

Mkurugenzi wa michezo alitaka kujua kama kuna haja ya timu ya wasichana. Akatuma dodoso kwa barua pepe za wanafunzi lenye swali moja: ungependa kujiunga na timu ya mieleka? Wasichana watatu walijibu ndiyo. Akaandika kwamba hamu haitoshi, na suala likawekwa kando.

Mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo, mwanamke, hakuridhika. Aliomba chumba cha mikeka Jumatano moja usiku, wavulana wakiwa safarini, akabandika tangazo kwenye milango ya vyoo vya wasichana: njoo na raba, hakuna mvulana, kuna piza. Walikuja 19. Nilihesabu mwenyewe kwa sababu piza haikutosha.

Januari 2020 mashindano ya Waverly yalikuwa na wasichana 350, kutoka 87. Msimu uliofuata ulikuwa wa barakoa na karantini, nasi hatukufanya la maana.

*2021: nani atalipa*

Chama cha wasichana kilikuwa kimesema kitaurasimisha mchezo pale shule za kutosha zitakapojifunga kwamba zitakuwa na timu. Shule nazo, pamoja na yetu, zilisema zitajifunga mchezo ukisharasimishwa. Kila upande ukawa unamtazama mwenzake.

Kwenye kamati yetu pingamizi kubwa lilitoka kwa kocha wa kikapu cha wasichana, wala hakuwa mtu mbaya. Mieleka na kikapu ni michezo ya msimu mmoja wa baridi, na timu yake ilikuwa na wachezaji wachache tayari. Bajeti ilihitaji posho ya kocha, sare, mabasi, na saa za mkeka. Hizo saa ndizo zilizoleta ugomvi kuliko fedha. Chumba ni kimoja, na kocha wa wavulana alikizoea kuanzia saa tisa na nusu mchana kila siku.

Mwezi Septemba Chuo Kikuu cha Iowa kilitangaza kuanzisha timu ya mieleka ya wanawake, cha kwanza miongoni mwa vyuo vya ligi kubwa za nchi, na baadaye kikamwajiri Clarissa Chun, mshindi wa shaba ya Olimpiki ya London, kuwa kocha. Sijui tangazo hilo lilibadilisha kura ngapi za bodi nyingine. Kwenye yetu lilibadilisha lugha. Hadi Agosti watu walisema "hao wasichana wawili watatu". Kufikia Oktoba walisema "nafasi za udhamini wa masomo".

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi uliokuwa na uzito kuliko yote ni bodi kusaini ahadi kabla mchezo haujarasimishwa. Hoja iliyoshinda haikuwa ya haki za wasichana, ingawa ilisemwa. Mwalimu wa Jumatano alileta majina ya wale 19 na kuonyesha kwamba 14 hawakuwa kwenye timu yoyote ya shule. Kocha wa kikapu aliisoma orodha polepole, akasema hakuna hata mmoja wa kwake, akaacha kupinga.

Wa pili ulikuwa kumtafuta kocha mwanamke. Hakupatikana mwenye uzoefu, kwa hiyo mwalimu yule wa viungo, ambaye hakuwahi kupigana mieleka, akawa kocha mkuu, na msaidizi wa wavulana akawa fundi wake. Nilidhani ni makosa, kumbe lilikuwa jambo bora kuliko yote tuliyofanya. Wasichana walimwona mtu mzima akijifunza mbele yao, akianguka na kuinuka.

Kuhusu mkeka, waliamua kugawana siku badala ya kugawana chumba. Wavulana walipoteza jioni mbili. Kuna wazazi ambao hawajasahau.

Karatasi zote, hadi ukurasa wa nne, zilitafsiriwa Kiswahili na Kifaransa. Neno "mieleka" nililiacha, ila chini yake niliandika sentensi mbili za kueleza kuwa si ile ya televisheni wala ile ya Kinshasa.

Matokeo

Januari 2022 chama cha wasichana kilitangaza kuurasimisha mchezo, na msimu wa 2022–23 ukawa wa kwanza. Fainali za jimbo zilifanyika Coralville Februari 2023. Shule yetu ilianza na wasichana 22 na kumaliza na 17. Binti alikuwa amekwisha hitimu. Alikaa jukwaani na baba yake, ambaye kufikia wakati huo alikuwa anawafokea waamuzi kwa Kifaransa.

Nchi nzima ilikuwa inakwenda upande huohuo. Hesabu za shirikisho la kitaifa la vyama vya sekondari zilionyesha wasichana 112 mwaka 1990. Msimu wa 2022–23 walivuka 50,000, na uliofuata wakafika 64,257. Januari 2025 mieleka ya wanawake ikapewa mashindano yake ya ubingwa katika NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani.

Uchambuzi

*Kilichofanya kazi*

Watu huuona urasimi kama tuzo: mchezo umekua, basi upewe cheti. Kwetu ilikuwa kinyume. Urasimi ulileta basi, bima, posho, mwamuzi anayelipwa, na tarehe kwenye kalenda ambayo mwalimu wa hesabu hawezi kuipangia mtihani. Vitu hivyo ndivyo vilivyowaleta wasichana. Mama mmoja Mrundi aliyekuwa amekataa miaka miwili alikubali siku alipoona jina la bintiye kwenye ratiba iliyochapishwa, lenye uzani mbele yake. Alisema sasa ni kazi ya shule, si mchezo wa mtoto.

Uzani wenyewe ulifanya kazi ambayo hatukuitarajia. Mieleka ya wasichana ina madaraja 14, kuanzia pauni 100, kama kilo 45, hadi pauni 235, karibu kilo 107. Timu isiyo na mtu katika daraja fulani inapoteza alama. Kwa hiyo kocha aliwatafuta wasichana wakubwa kwenye korido za shule kwa bidii ileile aliyowatafutia wadogo, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza mtu wa michezo kuwahitaji walivyo. Mmoja aliniambia kwamba tangu shule ya msingi aliitwa uwanjani kubeba mipira tu.

*Kilichoshindwa*

Dodoso. Liliuliza kuhusu kitu ambacho hakikuwepo, na aliyejibu alijiwazia akiwa katikati ya wavulana arobaini. Kimya cha wengine kikasomwa kuwa hawataki. Serikali kuu yenyewe iliwahi kukosea hapa: mwaka 2005 Wizara ya Elimu ya Marekani iliruhusu vyuo kupima hamu ya wanawake kwa dodoso la barua pepe, asiyejibu akihesabiwa hana hamu, na mwaka 2010 ikaufuta mwongozo huo. Mkurugenzi wetu hakuwa na habari. Jumatano moja yenye piza ilimpa hesabu bora kuliko muhula mzima wa barua pepe.

Ukalimani wangu ulishindwa mara mbili. Neno lenyewe lilikuwa sahihi, mieleka ni mieleka, na ndiyo maana sikulichunguza. Lakini kosa zito ni lile la sahihi ya mama. Nilijua baba amekataa. Nilijificha nyuma ya kanuni, na kwa miezi miwili Binti alibeba siri nyumbani akiwa na michubuko shingoni. Kama simu ile ya kwanza ingekuwa na swali moja zaidi, "Baba, unakataa nini hasa?", kikao cha Januari kingefanyika Oktoba.

Nywele nazo. Msimu wa kwanza rasmi, ugenini, refa alipita kukagua kucha, ngozi kama kuna choa, na nywele. Wasichana wetu wanne walikuwa wamesukwa wikiendi ile, wawili na shanga ncha za misuko. Shanga haziruhusiwi, ni vitu vigumu. Tulikaa kwenye sakafu ya korido ya vyoo, mimi, kocha na mama wa timu pinzani ambaye hatukuwahi kumwona, tukivua shanga moja moja ndani ya kikombe cha kahawa wakati kipaza sauti kinaita uzani wa 115. Tuliwahi. Kanuni ilikuwa kwenye kitabu siku zote, lakini kitabu alikuwa nacho kocha, na kusuka kunafanyika sebuleni kwa shangazi.

Jambo moja hatujalipatia dawa hadi leo. Familia zetu nyingi ni Waadventista, na mashindano mengi ya wikiendi huwa Jumamosi. Tulipokuwa tukipanga mikeka, posho na mabasi, hakuna aliyeuliza kuhusu Sabato, hata mimi niliyejua nani anasali wapi. Msichana wetu wa pauni 130, ambaye kocha anasema ndiye mwenye mikono mizuri kuliko wote, alishindana Alhamisi tu msimu mzima. Kocha amewaandikia shule jirani mbili kuomba mashindano ya katikati ya wiki. Moja imekubali mara moja kwa mwaka. Jumamosi zilizobaki anamwandika kwenye karatasi ya timu hata hivyo, kisha asubuhi, kwenye mizani, anachora mstari juu ya jina lake.